Madame Adeline na Shairi la Michi Miwili

Yaya Adeline, dada yangu mkubwa, ni mfupi, ana sauti ya kuamsha mtaa mzima, na hajui kushindwa. Nasema hivi kwa kujivuna. Tumezaliwa tumbo moja, lakini katika hayo yote mimi niliambulia ufupi tu.

Lumumba nzima, mtaa wetu mjini Bunia, humwita Madame. Vita vilipotufukuza Bunia tukatembea hadi Niania, wenzetu walitafuta kwanza mahali pa kulala. Yeye alitafuta ubao. Alipoukosa, akaokota mlango wa duka uliong'oka, akaupaka makaa, akawakusanya watoto wa wakimbizi kando ya barabara ya malori. Nilimwambia tuna njaa. "Njaa iko hapa hata bila masomo, Angèle," akanijibu. Niliona ni wazimu. Siku hizi nikisimulia habari hiyo husema "tulifundisha", na hakuna aliyewahi kunipinga.

Tukarudi wakati wa amani, kama ile ilikuwa amani. Watu walisalimiana sokoni huku kila mmoja akichungulia mikono ya mwenzake. Adeline akapewa darasa la sita katika shule ndogo ya mtaani kwetu. Watoto wa waliokimbia kijiji cha Bogoro walikaa upande wa madirisha, na watoto wa upande wa pili wa vita walikaa ukutani. Sitataja makabila. Mtu wa Ituri, mkoa wetu, ameshaelewa, na asiye wa Ituri hapungukiwi na kitu.

Lililomkera Adeline kuliko yote lilikuwa mashairi. Shuleni kwetu shairi lilikuwa kukariri: mtoto anasimama, mikono nyuma, anamwaga Kifaransa asichokielewa kama mtu anayefukuzwa na nyuki, kisha anakaa. Mara ya kwanza alipowaalika wazazi waje kusikiliza, mama mmoja alidhani ni sala, akainamisha kichwa. Chumba kizima kikamfuata. Mtoto alipomaliza, wote wakaitika, "Amina." Mimi nilitoka nje nikacheka vizuri. Adeline hakucheka hata kidogo. Alisema wazazi wakifunga macho, kosa ni la mwalimu.

Ndipo akabuni devoir yake, yaani kazi ya kufanyia nyumbani. Wanafunzi wawili watunge shairi moja, kwa Kiswahili, juu ya mahali walikotoka. Mmoja aseme mstari, mwenzake ajibu, na wausome huku wakitwanga. Kwetu sombe, majani ya mihogo, hutwangwa na watu wawili katika kinu kimoja. Mchi wako ukishuka, wa mwenzako unapanda. Ukikosa zamu, michi inagongana na majani yanakurukia usoni. Shairi lina mapigo, alisema, na mtoto wa Bunia anayajua mapigo hayo kabla ya kujua kusoma. Kila jioni wajizoeze kwenye sombe ya nyumbani. Wawili wawili akawapanga mwenyewe: mmoja wa dirishani, mmoja wa ukutani.

Direkta wa shule, ambayo kwetu huitwa masomo, alijishika kichwa. "Madame, batu bakigombana juu ya hii devoir, itakuwa ya kwanza na ya mwisho. Mashairi itaisha mu hii masomo."

"Sawa, Direkta," akaitika, akaendelea na yake.

Jemima alipangwa na Divine. Mama Jemima alikuwa mjane. Mume wake alibaki Bogoro, na kwetu sote tunajua maana ya kubaki. Aliingia shuleni bila kusalimu mtu, jambo ambalo kwetu peke yake ni tusi.

"Madame, mutoto yangu hatatwanga na mutoto ya bale batu. Kwao hataenda. Na ule hatafika kwangu."

"Sawa, Mama Jemima. Bataandika hapa, mu masomo. Lakini Jemima atazoea kwako. Utamusikiliza?"

"Iko mutoto yangu. Nitafunga masikio?"

Papa Fulgence, baba yake Divine, alisema yaleyale kwa maneno machache zaidi. Basi wasichana wakatunga shairi lao wakati wa mapumziko. Nyumbani, Jemima alitwanga sombe ya familia kwa mchi mmoja, akisema mstari wake, kisha wa Divine, kwa kuwa nusu ya shairi haisomeki. Mama yake alikaa kando akichambua majani. Mstari mmoja wa Divine ulimhusu koko wake, bibi mzaa mama. Mama hakumkataza mtoto, maana sombe ilipaswa kuiva. Jioni baada ya jioni akaisikia mistari yote, apende asipende.

Jumamosi, siku ya kusoma mashairi hayo, wazazi walijaa darasani, nao wakakaa vilevile, dirishani na ukutani. Watoto wa kwanza walipita vizuri. Michi iligongana mara moja, watu wakacheka, Direkta akajifuta jasho. Kisha Adeline akawaita Jemima na Divine. Jemima akasimama peke yake. Papa Fulgence alikuwa amemzuia binti yake nyumbani.

Minong'ono ikaanza pande zote mbili. Direkta akainuka kufunga mkutano. Niliona kazi ya yaya wangu inazikwa mbele ya macho yangu. Jemima hakumngoja mtu. Akashika mchi.

"Kwetu tulikuwa na ng'ombe, tulimwita Maua."

Mchi ukashuka, ukapanda. Zamu ya Divine ikapita. Akaurudia mstari uleule. Nyuma, Mama Jemima akainuka, akapenya katikati ya mabenchi. Nilijua anakuja kumchukua mtoto wake. Akakaza kitenge kiunoni, akaokota mchi wa pili.

"Kwetu tulikuwa na mihogo, mpaka kule mtoni," akajibu.

"Maua alichukuliwa, na baba hakurudi."

"Nyumba iliwaka," akasema mama, na mchi wake ukabaki juu. Jemima akamngoja. "Nyumba iliwaka, na koko alikuwa ndani."

Upande wa ukutani mwanamke mmoja akaanza kulia bila kujificha. Wao wakaendelea kutwanga.

"Sasa nalala Lumumba, juu yangu bati."

"Nami nalala Lumumba, mvua ni ileile."

Tulipiga makofi mpaka mikono ikauma, dirishani na ukutani. Mimi nilipanda juu ya benchi na kumwambia kila aliye karibu kwamba yule mwalimu ni dada yangu, ingawa wote walikuwa wanajua. Direkta akaketi taratibu, wala hakuzungumza tena juu ya kufunga chochote.

Adeline akatangaza, "Jemima, makumi mbili juu ya makumi mbili." Hajawahi kumpa mtu ishirini kamili, hata mimi aliponifundisha.

Mama Jemima alikuwa bado ameshika mchi. "Na Divine?" akauliza. "Madame, umupatie yake pia. Miye nilibeba muchi tu. Maneno ni yake, na koko ni yake."