Nikiacha Chuo, Bhoke Ataolewa

Mhariri, nifichie jina. Kwetu Bunda gazeti lako linasomwaga kwa sauti kwenye kisomo cha watu wazima, na mama yangu anahudhuria.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mbili, niko mwaka wa pili chuo kikuu, Dar es Salaam. Nasoma hesabu. Nimekuja likizo na naogopa kurudi.

Darasani wasichana tulikuwa wawili. Ukisimama kujibu, wavulana wanagonga madawati mpaka ukae. Mhadhiri anawangoja wamalize, anatabasamu, halafu anamwita mwingine. Siku niliyoitwa ubaoni waligonga hivyo hivyo, chaki ikanidondoka, nikatoka nje nalia. Mwenzangu, mtoto wa Musoma aliyenizidi akili, alishafunga sanduku akarudi kwao. Wakasema ameshindwa masomo. Jamani, yule hakushindwa masomo, alishindwa kuingia mlangoni. Na mimi sasa nikiukaribia mlango ule nageuza njia.

Nilikuja nimeamua kubaki, nilime pamba kwenye shamba la kijiji na wenzangu. Nikamnong'oneza mama. Mama hana kifua, kesho yake akaja jirani yetu, baba yake Bhoke. Nimwite Bhoke, si jina lake.

Mzee huyu alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari ya Bhoke. Nilipochaguliwa chuo akawarudisha wote, watu wakamcheka kilabuni, binti akaendelea na shule. Hakunifokea. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza habari za Dar es Salaam, ndipo akasema taratibu, "Mwanangu, ng'ombe niliwarudisha kwa kukutazama wewe. Ukirudi nyumbani, na mimi nitawafuata."

Bhoke alikuwa palepale anapepeta mtama, hakuinua kichwa. Kesho yake asubuhi alikuja kwetu bila kutumwa na mtu. Akafua nguo zangu za safari, zilipokauka akazipiga pasi, akazipanga sandukuni mwenyewe.

Basi la Mwanza, nikapande treni ya Dar es Salaam, ni Jumatatu. Nikienda, yale madawati yananingoja. Nikibaki, mtoto wa watu anaolewa kwa sababu ya woga wangu. Ninyi wasomaji mliopita huko, naomba mniambie: unaingiaje kwenye chumba ambacho watu wote wanagonga utoke?