Ng'ombe Wameingia na Sijafoka

Mimi mdomo ninao. Mtaani kwetu Viwanja Sitini, hapa Ifakara, wananijua, sokoni wananijua, na shambani Namawala hata ng'ombe wananijua. Jirani yangu wa shamba ni mzee wa Kisukuma aliyehamia bondeni na mifugo, na kila ng'ombe wake walipokanyaga mpunga wangu nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Shikamoo yenyewe nilikuwa nimeshamnyima.

Kwetu msimu wa kilimo ukifika mtu anahamia shambani, anakaa kwenye kibanda cha nyasi mpaka mavuno. Mume wangu alishafariki, watoto wako shule ya bweni, kwa hiyo nilihama peke yangu. Huko kibandani ndiko yalikonikuta. Asubuhi naamka, miguu haitaki. Nasikia ndege wameshuka kwenye mpunga, nawasikiliza wakila, najiambia inuka wewe mwanamke, siinuki. Sili. Kunawa uso naona kazi kubwa. Kuna siku nilitamani nisiamke tena, na ningemwambia nani?

Nikijikokota hadi mjini, mama yangu ananitazama macho, anasema malaria hiyo. Ifakara ukiinamisha kichwa tu, malaria. Napimwa, hakuna kitu. Mama anasema vipimo vya siku hizi vya ovyo, kunywa dawa tu. Jamani, nilifika mahali naomba Mungu nikutwe na malaria, walau niumwe kitu chenye jina.

Kiangazi kikiingia, mzigo unaondoka wenyewe. Mwaka jana nilifungua genge, nikafuga kuku, nikafyatua tofali za nyumba ya ghorofa. Ghorofa, mimi! Silali, sichoki, naongea watu hawapati pa kuingilia. Wenzangu wa kwaya ya kanisani wakanisifu, mama akasema mwanangu chuma. Kuku walikufa, genge lilifungwa, tofali zimeota nyasi. Hata mimi nilidhani ile ndiyo afya yangu.

Masika ya mwaka huu nilishuka tena, nikaenda hospitali mwenyewe. Daktari aliyenipokea alikuwa mtu wa kuuliza. Nilipomweleza ya kibandani alisema inafanana na sonona. Kisha akauliza, "Na ukiwa mzima sana, unakuwaje?" Nikamsimulia tofali. Akaweka kalamu chini. Akasema upo ugonjwa unaompandisha mtu halafu unamshusha, na kama ndio huo, dawa ya sonona peke yake inaweza kunirusha juu nikaumia zaidi. "Niletee mtu aliyekuona pande zote mbili, ndipo nijue nakutibu nini."

Mtu gani sasa? Wanakwaya walinijua nikiwa chuma, na mama aliona malaria tu. Kuanguka kwangu kote kulitokea kibandani. Nilimwomba mama hata hivyo, akawaka: "Unataka nikaseme mwanangu chizi?" Nililia. Mji mzima unanisalimia, na hakuna hata mmoja anayenijua.

Akabaki yule mzee. Nilimfuata zizini kwake, aibu imenijaa.

"Shikamoo, baba."

Akageuka nyuma kwanza, labda namsalimia mwingine. "Marahaba, mayu," akasema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. "Leo ng'ombe wamekula nini?"

Nikamweleza shida yangu. Hakucheka. Kesho yake alivaa koti lake la kanisani tukaenda.

Daktari akamuuliza amenionaje. Mzee akasema, "Kiangazi alikuja kwangu jua halijatoka, anataka tununue trekta. Akaongea, akaongea, ng'ombe wakatoka bila kukamuliwa. Nikashangaa tu. Lakini masika haya ng'ombe zangu ziliingia kwa mpunga wake, nyingi. Nikasimama nasubiri matusi. Amekaa mlangoni, ananiangalia, hasemi. Nikazitoa, nikamwambia mke wangu, yule mama anaumwa vibaya. Tangu siku hiyo kila asubuhi nazipitisha karibu na kibanda chake, nione kama kuna moshi."

Nilishindwa kumtazama. Kila asubuhi nilikuwa nimelala mle ndani nikisikia kwato zikipita karibu na ukuta, nikasema moyoni huyu mzee hana adabu, ananichokoza hata nikiwa hivi.

Daktari aliniuliza mengine mengi, kisha akasema ni ule wa kupanda na kushuka, akanianzishia dawa zake. Nazimeza. Mama bado anasema malaria, na nikitaja dawa anahamisha mazungumzo. Wanakwaya wanasema nimepoa siku hizi, hawanifuati tena nyumbani. Inauma, sitadanganya.

Nimerudi kibandani, peke yangu kama zamani. Asubuhi ng'ombe wakipita naufungua mlango. "Wewe mzee! Toa ng'ombe zako hapo!" Ananyanyua fimbo, anakwenda zake.

Kuna asubuhi sina hasira yoyote, hata nguvu ya kusimama naitafuta. Natoka nafoka hivyo hivyo, ajue nipo.