Watawa Wawili

Wakati wa vita nilikuwa Uvira nikiwachotea watu maji, maana shule niliiacha mapema na miguu yangu haikuzoea kutulia. Nyumba moja ilikuwa ya fundi cherehani Mwislamu, ambaye mkewe alitawa: hakutoka nje wala kuonwa na wanaume wengine. Nilikuwa naacha ndoo mlangoni, naye ananishukuru nyuma ya pazia. Juma lile mdogo wake alikuwa anaolewa mtaa wa pili, na mume alikuwa amemkatalia kwenda.

Asubuhi moja risasi zikalia bondeni, na sista mmoja Mkatoliki akakimbilia uani kwao. Fundi akampokea kwa heshima.

"Karibu, Mama. Utakaa ndani na mke wangu. Naye ni mtawa kama wewe."

"Pole yake," sista akasema akihema, akijigusa kifua. "Mtawa huyu ametoka Runingu kwa miguu!"

Nyuma ya pazia kukalipuka kicheko. "Bwana, umesikia? Kumbe watawa wanatembea!"

"Huyo ni wa kanisani."

"Na mke wa kwanza wa Mtume, aliyefanya biashara, alikuwa wa kanisani?"

"Weye unatafuta ngoma ya harusi tu!"

"Ndiyo, naitafuta!"

Sista alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani. Fundi akageukia ukuta haraka, mabega yakimtikisika. "Haya, nenda," akauambia ukuta.

Siku ya harusi sisi wanaume tulikaa nje. Vigelegele vilipopanda upande wa wanawake, kimoja kikivipita vyote, fundi akanigusa kiwiko.

"Huyo ni wangu," akasema.