Kabini Iliyokwisha Kuapa

Litia alisomea kompyuta ili asizungumze na watu, akaishia kutunza mashine za tiketi bandarini Suva. Kabini ya abiria melini na chumba chake cha hoteli vilikaa kwenye hifadhidata mbili: kila moja iliapa kwanza kuwa iko tayari, kisha ikangoja amri ya kukamilisha. Leo bosi Jone alichomoa mashine ya kutoa amri ili achemshe chai. Kabini ya abiria mmoja ikabaki imefungwa, haiuziki wala haifutiki, na meli ya kwenda Savusavu inapiga honi.

"Kabini iko tayari, mama, inangoja amri tu," Litia alimwambia abiria huyo.

"Hata mimi niko tayari tangu alfajiri!" alifoka Salote, mama wa bibi harusi. "Mnataka wamwozeshe mwanangu bila mimi?"

Litia akachungulia: hoteli nayo ilikuwa imeapa, basi hapakuwa na hatari. Akazikamilisha zote mbili kwa mkono wake.

Salote akanyakua tiketi, akakimbia peku hadi melini, akiitukana mashine pamoja na mama wa mashine hiyo.