Safu ya Mwenye Shamba

Nikisikia mtu anasifia mafunzo ya kazi yenye posho kwa wanafunzi wa sanaa, huwa natafuta sababu ya kutoka chumbani, maana nikibaki tutagombana. Mimi niliyapata. Nilikuwa mwaka wa pili, nasoma historia, nimepanga chumba Kihonda, na nilikuwa nimechoka kuulizwa na kila mtu, kuanzia mwenye nyumba mpaka shangazi zangu, eti historia nitaila na nini. Wenzetu wa kilimo na uhasibu walikuwa na ofisi za kwenda wakati wa likizo. Sisi tuliambiwa tuna ngonjera. Kwa hiyo shirika moja la mjini lilipotangaza nafasi za kufanya kazi na jamii, kwa watu wa historia, fasihi na sanaa tu, tena kwa kulipwa, niliomba siku hiyohiyo.

Nikapangiwa kijiji cha juu Uluguru, kule ambako gari linaishia na miguu inaanza. Kazi ilikuwa ya wiki nane: kukusanya historia ya kijiji na kuiandikia kijitabu. Mwishoni mwa kijitabu paliwekwa jedwali la mashamba, lenye jina la kila shamba, asili ya jina hilo, na safu ya mwenye shamba. Msimamizi wetu, kijana wa viatu vyeupe ambavyo havikuwahi kupanda huko juu hata siku moja, alituambia, "Muulizeni mkuu wa kaya. Msipoteze muda na kila mtu." Tukaandika hayo kama Msahafu.

Nilikaa kwa bibi mmoja na mumewe. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akalitazama begi langu, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, tutaona kama utatuponya." Alikuwa na ulimi, bibi yule. Alinicheka nilivyoshika jembe, nilivyomenya magimbi, nilivyohema kwenye mlima ambao yeye aliupanda na tenga kichwani huku anaongea. Lakini kila Ijumaa, nikijiandaa kushuka mjini kupeleka ripoti, alichukua panga akaingia shambani nyuma ya nyumba. Alirudi na chane mbili za ndizi, magimbi yenye udongo bado, na vipande vya mdalasini amevifunga kwenye gazeti. Nikikataa alinikata jicho. "Kwetu mtu hatoki mikono mitupu," alisema, na hapo mjadala ulikuwa umekwisha.

Shamba hilohilo lilimlisha na binti yake, mama wa watoto wanne, aliyejenga hatua chache kutoka kwa mama yake.

Mumewe alikuwa mzee mpole, msemaji wa polepole, mwenye kiti pekee cha mgongo pale nyumbani. Nilipofungua fomu nilimgeukia yeye, hata sikufikiri. Akanieleza jina la shamba, akanionyesha mipaka kwa kidole, akasema, "Shamba langu linaishia pale kwenye mfenesi." Bibi alikuwa anapeta maharage pembeni. Bila kuinua kichwa akasema, "Huyu alikuja hapa na panga na shati. Shati lenyewe bovu." Mzee akacheka. Mimi nikacheka. Niliupenda sana utani ule nikaunukuu kwenye daftari langu, halafu kwenye safu ya mwenye shamba nikaandika jina la mzee.

Kwetu ni Uchagani. Kwetu shamba ni la baba na la baba yake baba, na mwanamke huolewa akaingia humo. Sikujiuliza mara mbili. Ningeuliza, mtoto yeyote wa darasa la tatu pale kijijini angenieleza kwamba kwao ardhi ni ya ukoo wa mama, lukolo wanavyouita, bibi humpa binti, binti humpa bintiye, na mwanamume akioa anakwenda kulima kwa mkewe. Anaposema shamba langu, anasema kama mimi ninavyosema chumba changu cha Kihonda. Kuuliza si ujinga, na mimi nilikuwa ninalipwa kuuliza.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisoma historia kwa sauti, watu wakapiga makofi. Jedwali sikulisoma, lilikuwa refu, nikalibandika ukutani ofisini. Bibi hakujua kusoma. Mzee alijua. Alisimama mbele ya ile karatasi muda mrefu, akaliona jina lake, akanyamaza. Mwenyekiti akapiga muhuri kila ukurasa. Mjini, msimamizi akanyanyua kijitabu changu mbele ya wageni akasema hii ndiyo faida ya watu wa sanaa. Nami nikatabasamu kama zuzu.

Mwaka uliofuata mzee alifariki. Wiki chache baadaye binti yake alinipigia simu.

"Dada, wewe ulimwandika baba kuwa mwenye shamba?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Wapwa zake wamekuja na kitabu chako. Mama hata eda hajamaliza."

Alinieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto mzito. Kwa mila ileile ya kwao, mali ya mwanamume hairithiwi na watoto wake, inakwenda kwa watoto wa dada zake. Shamba la mama yake lilikuwa salama miaka yote kwa sababu halikuwa la baba. Sasa karatasi ilisema ni la baba. Wajomba wa bibi, ambao wangesimama kusema ukweli, walikwisha kufa wote.

Nilikwenda kwanza ofisini kwa yule wa viatu vyeupe. Nilitaka barua moja tu, inayosema jedwali lina kosa. Akaniambia niketi. Akaniambia hayo ni mambo ya kifamilia, na kwamba shirika halikuandika hati ya ardhi, liliandika utamaduni. Kisha, Mungu ananiona, akaniomba niandike kurasa mbili kuhusu nilichojifunza, waziweke kwenye ripoti ya wafadhili. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu akiyasikia atanikana. Siyajutii hata moja.

Baraza la ardhi la kijiji lilikaa asubuhi, ofisini, chini ya jedwali langu lililokuwa limeanza kupauka. Wapwa walikuwa wanaume watatu wenye adabu zote, walinisalimia vizuri. Nilisimama nikasema niliandika vibaya, mimi mwenyewe, kwa ujinga wangu. Nikafungua daftari nikasoma neno la bibi, la panga na shati bovu. Hakuna aliyecheka safari hii.

Mwenyekiti wa kijiji, yuleyule, akaninyooshea kidole. "Kijitabu chako kina muhuri. Hilo daftari lina muhuri?"

"Muhuri uliupiga wewe," nilimwambia.

"Basi unasema mimi nimegonga uongo?"

Nikasema ndiyo. Hapo ndipo tuliposhindwa, niliona usoni mwake. Mpwa mmoja akauliza, kwa upole, kama shamba si la mjomba, mbona karatasi imekaa ukutani mwaka mzima na hakuna aliyeipinga. Bibi akajibu kwamba hakuna aliyemsomea. Wakaandika na hilo.

Wakasuluhisha, kwa lugha yao. Bibi alime chakula chake mpaka siku yake ifike. Asiuze, asikate mti, asimpe mtu kitu cha shambani bila kuwaambia wapwa. Akiondoka duniani, shamba ni lao. Asiyeridhika aende wilayani. Binti akauliza, "Na mimi na wanangu?" Wajumbe wakawa wanapanga makaratasi.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira na wote: na wapwa, na mwenyekiti, na marehemu aliyenyamaza mbele ya ukuta, na mimi kuliko wote. Nilitamani bibi anitukane, nilijua anaweza. Hakunitukana. Nilipoaga, alisimama kwa mazoea, akachukua panga, akazunguka nyuma ya nyumba.

Binti akamfuata. "Mama, acha. Wakikuta mkungu umekatwa watasema tunagawa mali yao."

Bibi alikuwa ameshainua panga. Akalishusha. Akarudi mpaka niliposimama, akanishika bega.

"Nenda tu, mjukuu wangu," alisema. "Leo sina cha kukupa."

Niliteremka mlima ule mikono mitupu.