Watu Saba Ambao Kaka Yangu Hakuwaua

Kosa ni langu, na sitafuti mtu wa kumsukumia. Nilisimama mbele ya kanisa zima hapa Kangemi nikamfanya kaka yangu muuaji. Na nikapigiwa makofi!

Kaka alikuwa mwanajeshi, mpishi wa kambi. Nyumbani tulijua hivyo, lakini ofisini kwangu Westlands nilikuwa nimewaambia wenzangu ni komando. Mpishi hangewafanya wanyamaze saa ya chai.

Kambi yao huko Somalia ilivamiwa, akafa. Baadaye Mama aliitwa akapewa nishani yake. Karatasi ilisema tu kwamba alionyesha ushujaa mbele ya adui. Tukaandaa ibada ya shukrani, nikachaguliwa kuongea kwa niaba ya familia. Bosi wangu akaja na wenzangu wote, wakakaa mstari wa pili. Jamani, ningeanzia wapi kutaja sufuria?

Nikasema kaka alinyakua bunduki, akaangusha maadui saba. Hiyo saba niliitoa hewani. Mchungaji akasema amina.

Mama hakupiga makofi. Nilidhani ni majonzi.

Tangu siku ile nishani ikawa kabatini, chini ya mashuka. Mama naye akaanza kufunga kila Jumamosi. Nilipomuuliza, alinijibu akiendelea kuchambua mboga ya sukuma.

“Naombea wale saba. Hata wao wako na mama zao.”

Ole wangu! Hapo ndipo ningesema. Mwaka mzima sikusema.

Mwezi uliopita akaja mwanajeshi mmoja kwa magongo, ametoka hospitali, anataka kumsalimia mama wa rafiki yake. Mama akamwekea chai, akamuuliza kama alikuwepo kaka alipoua watu.

Mgeni akanitazama. Mimi nikatazama chupa ya chai.

“Kuua nani, Mama? Huyo hata bunduki hakuwa nayo. Alitoka jikoni na aproni yake, akanibeba kwa mgongo mpaka kwa handaki. Akarudi kuchukua mwingine. Hapo ndio walimpiga risasi.”

Mama akaingia chumbani. Akarudi na nishani, akaipangusa kwa leso yake, akaitundika ukutani. Alilia kidogo, akaketi, kisha akanigeukia.

“Mwaka mzima ulikuwa unaniona nikifunga?”

“Ndiyo, Mama.”

“Na wewe ulikuwa unakula?”

Nilikuwa nakula. Jumamosi ni yeye aliyekuwa akinipikia.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile sijui niiweke wapi. Wewe unayejiandaa kumsifu marehemu wenu, nakusihi, mwache awe alivyokuwa. Kama alikuwa mpishi, sema mpishi, hata bosi wako akiwa amekaa mbele. Anayekuamini kabisa ni mama yake.

Siku hizi Jumamosi Mama anakula. Mimi ndiye ninayefunga, na hajaniambia niache.