Bibi wa Mbao Juu ya Meko Yetu

Sifa ni zako, Mungu wangu, uliyenilea kwenye mteremko huu wa mlima, ukanipa mvua kwa majira yake, na nilipodhani nimemaliza kujifunza ukaniweka tena kwenye benchi la wanafunzi. Ninayoyasimulia hapa nayasimulia kwa shukrani.

Nilikuwa bado mwalimu wa shule ya msingi nilipomwona kwa mara ya kwanza mcheza vikaragosi ambaye nchi nzima ilimjua kwenye televisheni. Tuliwapeleka watoto mjini, kwenye ukumbi wa shule moja. Mwanamke mwembamba akatokea na bibi kizee wa mbao mkononi, amevalishwa kitenge. Bibi yule hakusema kitu. Alitazama watoto, akapumua, mabega yakapanda na kushuka, akakohoa kidogo. Ukumbi mzima ukasimama. "Shikamoo, bibi!" Na mimi, mtu mzima mwenye chaki mfukoni, nikajikuta nimemwamkia mti.

Miaka ikapita, nikastaafu, usharika ukanipa kazi ya kufundisha shule ya Jumapili. Ndipo nikasikia kwamba mama yule amehamia mjini na amepanga nyumba mtaa wa Majengo. Nilishuka kutoka kwetu juu ya Kwa Sadala nikiwa na mkungu wa ndizi na ombi moja: anifundishe.

"Shikamoo, mzee," alisema mlangoni. Nilipomweleza shida yangu alicheka. "Basi tukubaliane. Nje nitakuamkia. Hapa mezani mimi ndiye mkubwa."

"Marahaba nje, mwalimu," nikajibu. "Ndani nitanyamaza."

Kila Jumamosi nilikwenda. Mwezi wa kwanza hakunipa kikaragosi hata kimoja. Aliniambia niinue mkono mtupu na kuufundisha kupumua. "Kabla hajasema, apumue. Mtoto anaamini pumzi kwanza, maneno baadaye." Nyumbani nilifanya mazoezi kwa soksi huku nikimkatia ng'ombe migomba.

"Mzee wa kanisa anaongea na soksi," mke wangu akawaambia majirani. "Mniombee."

Siku moja mwalimu wangu alikuwa na safari ya wiki nzima. Shingo ya Bibi ilikuwa imelegea, nami nilikuwa nimejisifu kwamba useremala naujua. Akanikabidhi Bibi mwenyewe, amemfunga kwenye khanga. "Kaza shingo tu, mzee. Uso usiuguse. Nyusi hizi alizichora marehemu mama yangu, ndiye aliyenifundisha kazi."

Shingo niliikaza siku ileile. Lakini nilipomwinamisha, unga mwembamba wa mbao ulidondoka mezani. Nikaona vitundu. Wadudu walikuwa wanamla kwa ndani. Nikaogopa kwamba akirudi atakuta ganda tu.

Sisi wa huku tunajua dawa ya mdudu. Mahindi ya mbegu tunayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya meko, na dumuzi hayasogelei. Baba yangu alifanya hivyo, na baba yake. Nikamning'iniza Bibi katikati ya mahindi, nikajipongeza. Ilikuwa masika, baridi kali, na moto jikoni haukuzimwa kwa siku nne.

Nilipomshusha, uso ulikuwa mweusi kama sufuria ya kande. Rangi ilikuwa imevimba na kupasuka. Unyusi mmoja haukuwepo. Wa pili ulinibakia kwenye kidole gumba.

Mke wangu alimtazama, kisha akanitazama. "Mzee! Umemkausha mama wa watu kama mbegu?"

Nakiri kwamba nilichukua brashi. Rangi nilikuwa nayo, na mkono wangu wa ualimu bado unaweza kuchora nyusi. Nilikaa mezani muda mrefu, nikaomba, na kadiri nilivyoomba ndivyo brashi ilivyozidi kuwa nzito. Nikairudisha kabatini. Jumamosi nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, nikashuka mjini.

Alifungua khanga bila haraka. Akapitisha kidole palipokuwa na nyusi.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Nikamweleza yote: wadudu, meko, siku nne, na brashi pia. Kisha nikampa jani kwa mikono miwili.

"Hili ni la kuchemsha?"

Yeye ni mtu wa Tanga, hakujua. Nikamwambia kwamba kwetu aliyekosa akimletea mwenzake isale, mwenzake hawezi kukataa kusamehe. Ni desturi, hata ugomvi wa mipaka umekwisha hivyo.

Alinitazama sana. "Kwa hiyo, mzee, umeniharibia mama, halafu umeniletea jani ili nisiwe na hiari?"

Nimeishi na isale tangu utoto, nimelipokea na kulipeleka, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. "Nirudishie, mwalimu," nikasema. "Nikuombe mikono mitupu."

Hakurudisha. "Liache mezani. Njoo Jumamosi ijayo."

Nilikwenda. Hakutaja msamaha. "Leo tunapumua tu," alisema, nami nikainua mkono mtupu kama siku ya kwanza. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Bibi sikumwona. Jani lilikuwa palepale mezani, linakauka. Njiani kupanda nyumbani nilimwomba Mungu anipe subira ya kutoudai msamaha ambao ni wa mwenzangu kutoa.

Tulikuwa tumeshapanga tangu zamani kwamba aje kuwachezea watoto wa usharika wetu Jumapili moja. Sikuthubutu kumkumbusha. Siku ilipofika, alikuja. Watoto walikaa kwenye mikeka, akaingiza mkono ndani ya mkoba, akamtoa Bibi. Hakuwa amempaka rangi. Mweusi, hana nyusi, amevaa kitenge kilekile, na katika ngumi yake ya mbao limechomekwa jani kavu la isale.

Bibi akapumua. Kabla hajasema neno, msichana mdogo wa mbele akanyoosha pua.

"Ananukia moshi kama bibi yangu!"

"Hata wangu!" akadakia mwingine, na mara watoto wakawa wanasogea kwa magoti, wananusa kitenge, wanabishana bibi wa nani hasa. Niliona macho ya mwalimu wangu yamelowa, kisha Bibi akakohoa.

"Ninyi! Mnaninusa mimi, au mnatafuta ndizi zangu nilizoanika juu ya meko? Nani kazila?"

Watoto wakapiga kelele za furaha. Mchezo ukaendelea mpaka karibu na mwisho, ndipo Bibi akageuza kichwa taratibu na kunitazama kule nyuma nilikosimama. Akapumua kwanza.

"Wewe, mwanafunzi mwenye mvi. Njoo unishike, nimechoka." Kisha akainua jani. "Hili nimelipokea kwa hiari yangu. Na uso wangu usiuguse!"

Watoto walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilikwenda mbele. Mwalimu akatoa mkono wake ndani ya kitenge nami nikaingiza wangu. Ndani mlikuwa bado na joto lake. Nilimfanya Bibi apumue kama nilivyofundishwa, na watoto wakasimama wote: "Shikamoo, bibi!"

Wewe unayesoma, Mungu akupe mwalimu mwema hata katika uzee wako, na ukimkosea, akupe miguu ya kwenda kwake na subira ya kumngoja. Nyumba yako isikose moto, wala mtu wa kuota naye. Amina.